Umri wa Kuruka

Vitalis alipoingia karakanani kuchukua ovaroli zake, Illuminée alikuwa na pini mdomoni na hakuweza kuitika salamu. Alinyoosha kidole tu kuelekea benchi. Ovaroli zilikuwa pale, zimefuliwa, zimepigwa pasi, magoti yaliyotatuka yamewekewa viraka vya kile kitambaa kizito anachovalishia makochi. Vitalis alishika goti la mojawapo akalivuta kwa nguvu zote, kama mtu anayetaka kulichana upya. Halikuchanika.

"Mama, wewe ni fundi," alisema.

Alikuwa Mtanzania wa mabega mapana, mwalimu wa klabu ya kuruka na mwavuli kutoka angani. Kila kiangazi klabu hiyo ilikuja na ndege yake ndogo, ikakaa kwenye uwanja wa nyasi huko mashariki, mbele ya Kabuga, ikarusha watu wenye pesa zao, na mvua zikikaribia ikaondoka. Kazi ya kushona ilifika mtaa wa Gisozi kwa sababu dereva wao alimfahamu Gasana, mume wa Illuminée. Gasana ndiye anayepigilia mbao za makochi, mkewe anayavalisha. Karakana yao ni ndogo, kona tu ya Agakiriro, soko la mafundi, lakini ina kelele za karakana zote za jirani.

"Sasa sikiliza, mama. Wenye klabu wamesema familia yako ipewe zawadi. Jumamosi tuna nafasi moja kwenye ndege. Mtu mmoja wa nyumba hii ataruka na mimi, bure kabisa."

Illuminée alitema pini kwenye kiganja. "Zawadi ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Haiwezi kuwa pesa?"

"Haiwezi. Na huwezi kuiuza pia, maana naona macho yako yalipoelekea."

Gasana alicheka nyuma ya kochi lisilo na kitambaa. Hata Nkusi, mchomeleaji wa karakana ya pili, alizima moto wake akasogea kusikiliza.

Kaliza, binti yao, alikuwa ameshasimama mbele ya mwalimu. Msichana mfupi, mwembamba, mikono imekauka kwa gundi ya sponji. Tangu klabu ilipoleta ovaroli mara ya kwanza hakuwa na habari nyingine. Alimuuliza Vitalis mlango wa ndege unafunguliwaje, upepo unasikikaje, kamba ikikataa kuvutika inakuwaje. Alilala kifudifudi juu ya stuli ya karakana, kifua kimeinuliwa, miguu imekunjwa nyuma, mpaka wateja wakauliza kama huyu mtoto ni mgonjwa. Alikuwa anangoja umri. Na umri, kwa hesabu ya tumbo la mama yake, ulikuwa umetimia masika hii.

"Mimi," alisema. "Ni mimi, mwalimu."

"Najua ungependa, rubani wangu. Lakini kumi na nane. Masharti unayajua kuliko mimi."

"Nimetimiza."

"Nione kitambulisho."

Kaliza alikitoa taratibu. Kilikuwa kipya, alikipata mwaka huu huu. Vitalis alisoma mwaka, akahesabu kwa vidole, akamrudishia.

"Kumi na sita, binti. Bado sana."

"Mnyonyesheni kwanza!" Nkusi alipiga kelele, na vijana wake wakaangua kicheko.

"Hiyo karatasi si kweli," Kaliza alisema. "Baba, mwambie."

Gasana aliangalia misumari kwenye kiganja chake. Angesema nini? Kumwambia mgeni, mbele ya Nkusi na vijana wake, kwamba kitambulisho cha serikali cha binti yake kina uongo ndani? Akachagua msumari mmoja ulionyooka, akaanza kuugonga.

Hapo ndipo Pretty, msichana wa pili wa nyumba hii, alipoweka chini beseni la chakula. Alikuwa ameleta maharage na viazi vya mchana. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akatoa kitambulisho chake, akampa Vitalis bila kumtazama mtu.

"Huyu amefika," Vitalis alisema. "Elfu mbili na saba. Huyu hana tatizo."

"Sikuomba kuruka," Pretty alisema haraka. "Nilitaka tu aone."

Lakini aliuacha mkono wa mwalimu ukae na kitambulisho chake muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Kaliza aliona.

*

Pretty hakuwa binti yao wa kuzaa. Mama yake alikuwa dada yake Gasana, akafariki Pretty akiwa hajaanza kutembea. Wasichana wawili walikua kitanda kimoja, wakaumwa surua pamoja, na mpaka leo walikuwa wanabadilishana viatu, ingawa vya Pretty vilimpwaya Kaliza.

Nani mkubwa, nyumbani halikuwa fumbo. Kaliza alizaliwa masika. Pretty alizaliwa kiangazi kinaisha, maharage yameshavunwa. Ila kwenye karatasi ilikuwa kinyume, na jambo hilo jioni ile lilikaa mezani pamoja na sahani.

"Mama, shangazi alipokuwa anajifungua Pretty, mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu," Illuminée alijibu. "Unalia."

"Basi mkubwa nani?"

"Kula."

"Mkubwa nani, mama?"

"Kwenye kitambulisho ni Pretty. Vitalis haangalii mgongo wangu, anaangalia kitambulisho."

"Na hicho kitambulisho nani alikiharibu?"

Gasana alimtazama binti yake amnyamazishe kwa macho. Hakufaulu.

"Ulikunywa uji," Illuminée alisema.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake siku zote. Walipofukuzwa Karagwe, huko Tanzania, pamoja na Wanyarwanda wengine, wakavuka mpaka na magodoro kichwani, kambini kulikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana mwenye kalamu. Watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wanapewa uji wa maziwa kila asubuhi. Waliozidi, hakuna. Kaliza alikuwa ametoka kwenye malaria, shingo imekuwa kama mpini wa mwiko. Kijana akauliza umri. Illuminée akasema minne. Akasema bila kupepesa, na kijana akaandika bila kuuliza, maana mtoto mwenyewe alionekana wa minne. Kwa Pretty asingeweza. Pretty alikuwa mrefu, meno ya mbele yameshang'oka. Kwa Pretty alitaja mwaka wa kweli, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka tarehe, akaandikiwa ya kwanza Januari kama watu wengine wote wa foleni ile.

Tangu siku hiyo karatasi zilifuata karatasi. Shuleni Kaliza aliwekwa na watoto wadogo kwake, akasoma mara mbili mambo anayoyajua, wakati Pretty akipanda madarasa. Kila alipolalamika, jibu ni lile lile.

"Na Pretty hakunywa?" Kaliza aliuliza.

Kambini wasichana walikuwa wanakunywa uji ule nyuma ya hema, kikombe kimoja, funda huyu, funda huyu. Pretty aligeuza kiazi kwenye sahani yake.

"Nilikunywa," alisema.

"Mwache Pretty," Illuminée alisema. "Pretty hajakosa kitu."

"Basi nafasi iende bure. Asiruke mtu."

"Ndiyo! Ili Gisozi nzima waseme mtoto wa marehemu alipewa kitu, nikamnyima kwa sababu wa tumbo langu amenuna. Unawajua wanawake wa hapa wewe? Watanila mzima mzima."

"Ni dada yangu aliyemwacha huyu," Gasana alisema kwa sauti ya chini.

"Kwani Pretty mwenyewe anataka?" Kaliza alimgeukia. "Wewe hata kwenye pikipiki unafumba macho. Dereva akikata kona unataja Watakatifu wote. Sema hutaki. Sema tu, yaishe."

Wote walimngoja aseme hataki. Illuminée naye, ukweli ni kwamba alitamani hivyo, angelala vizuri.

"Nataka," Pretty alisema.

*

Watu walifikiri Pretty ameingiwa na tamaa ya ghafla. Haikuwa ghafla. Tangu anajitambua alikuwa anamtazama Kaliza akigombezwa. Kaliza akichoma wali, anapigiwa kelele mpaka nyumba ya tatu. Pretty akichoma wali, Illuminée anasema, "Si kitu, mwanangu, tutakula hivyo hivyo." Kaliza anarushiwa kandambili. Pretty anapewa kipande cha nyama kilicho kikubwa, mbele ya watu. Aliishi katika nyumba hiyo kama mgeni aliyeheshimiwa sana, na alikuwa amechoka. Kila alipoona kandambili inapaa kumwelekea Kaliza, hakuwa na mtu wa kumweleza kwamba anaionea wivu kandambili.

Kwa hiyo Kaliza aliposema "nataka kuruka" mwaka huu wote, Pretty hakusikia kuruka. Alisikia mtu mwenye mama, anayetaka na mbingu pia.

Siku ya kupimwa ovaroli, Illuminée alimsimamisha Pretty juu ya stuli ile ile ya Kaliza. Alibana kiunoni, akabana mapajani.

"Kaliza, nishikie pini."

Kaliza alishika kopo la pini.

"Umependeza, mwanangu," Illuminée alimwambia Pretty. "Geuka. Tazama anavyopendeza, Kaliza."

"Naona."

"Mbona unasema kwa pua?"

"Nina mafua."

Nkusi alipita na chuma begani. "Eh! Huyu mkubwa anapaa, mdogo anashika pini! Vumilia, Kaliza, nawe utakua."

Kaliza alimtupia pini. Haikumfika. Illuminée akamfokea kwa kuharibu pini, na Pretty, juu ya stuli, akageuza uso.

Jioni, Pretty alimfuata uani, mahali pa kuanikia nguo.

"Nifundishe ule mkao."

"Upi?"

"Ule wa kifua. Vitalis amesema bila ule mkao mtu anapinduka."

"Mwambie akufundishe yeye."

"Kaliza, tafadhali, mwenzangu. Naogopa."

Kaliza alitaka kukataa, lakini hakuweza kuvumilia mtu afanye vibaya jambo analolijua. Alitandika mkeka. Akamlaza Pretty kifudifudi, akamwinua kidevu, akamsukuma kiuno chini, akamkunja magoti. Na Pretty, ambaye hakuwahi kujaribu hata mara moja, akakaa vile vile inavyotakiwa. Mwili wake mrefu ulijikunja kama utepe. Kaliza alijizoeza mwaka mzima ndipo akaupata mkao ule, na bado mguu mmoja ulikuwa unamtetemeka.

"Hivi?"

"Hivyo," Kaliza alisema. Akaingia ndani, akamwacha na mkeka.

*

Jumamosi klabu ilituma gari dogo. Walikwenda wote. Gasana alivaa koti la harusini. Illuminée alikuwa amebeba chupa ya chai na mandazi, kwa sababu hakuamini kwamba mahali pasipo na nyumba pangekuwa na chakula.

Uwanja ulikuwa nyasi kavu tu, na vumbi, na hema moja la turubai. Watu wenye miwani ya jua walikaa kwenye viti vya kukunja wakinywa maji ya chupa. Mmoja alimpa Gasana glasi tupu, akidhani ni mhudumu, na Gasana kwa aibu akaipokea, akasimama nayo muda mrefu akitafuta pa kuiweka. Ndege ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Mlango wake ulikuwa wazi, na ndani hakuna viti.

"Hakuna viti!" Illuminée alisema. "Mana yanjye, Mungu wangu, watu wanakaa kwenye nini?"

"Chini," Kaliza alijibu. "Mwalimu nyuma, mrukaji mbele, miguu imepanuliwa. Mlango unabaki wazi mpaka juu."

Alijua hata jina la rubani. Alijua ni mwavuli gani unafunguka wa kwanza, na mwingine wa akiba uko wapi. Alisimama pale na sketi yake ya kanisani, akaona Pretty akifungwa mikanda, mkanda mmoja mmoja.

Pretty alikuwa amepauka midomo. "Kaliza," aliita. "Njoo unishike mkono."

Kaliza hakusogea.

Vitalis alikuwa mtu wa maneno mengi, hasa na wale wanaoogopa. Aliendelea kubana mikanda huku akimchekesha Pretty. "Basi binti, utuambie. Umetimiza kumi na nane, nyumbani walichinja? Walileta keki? Au waliimba tu wakala wenyewe?"

Pretty alifungua mdomo.

"Hajatimiza," Kaliza alisema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, pengine wangedhani ni utani. Alisema tu kwa sauti ya kumjulisha mtu kwamba kiatu chake hakijafungwa.

Vitalis aliacha mkanda. "Umesema?"

"Hajatimiza. Atatimiza maharage yakishavunwa. Mimi ndiye niliyetimiza. Tarehe yake ni ya foleni tu."

"Kaliza!" Gasana aliita, bado ameshika glasi.

"Mnajua ni kweli. Wote mnajua."

Watu wa viti vya kukunja waligeuka. Vitalis aliwatazama wasichana, mmoja mrefu ndani ya ovaroli, mmoja mfupi ndani ya sketi, kisha akamgeukia Illuminée.

"Mama. Mimi nina bima, nina leseni, nina watoto wangu wa kusomesha. Nijibu wewe. Huyu ana kumi na nane au hana?"

Kambini ilikuwa rahisi. Kambini alikuwa na mtoto mmoja mwenye njaa, akasema uongo mmoja, na uongo ule ukashiba. Leo alikuwa na wawili. Akisema anayo, amemfanya Kaliza mwongo mbele za watu wenye miwani. Akisema hana, amemvua Pretty mikanda kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta neno la katikati. Lilikuwa halipo. Akabaki na chupa ya chai mkononi, akimtazama huyu, akimtazama huyu.

"Basi umeshajibu," Vitalis alisema.

Alianza kumfungua Pretty. Pretty hakulia. Alisubiri mikanda iishe, akavuta zipu ya ovaroli, akatoka ndani yake kama anayetoka kwenye maji ya baridi. Kisha akamwendea Kaliza, akampiga kofi.

Na hapo Illuminée akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimshika Pretty bega, akamtikisa.

"We mtoto! Unampiga mwenzako mbele za watu? Nani kakufundisha? Nitakuchapa hapa hapa, unasikia? Nitakuchapa na ukubwa wako huo!"

Pretty alimtazama kwa mshangao mkubwa. Machozi yakamtoka sasa, mengi.

"Na wewe!" Illuminée alimgeukia Kaliza. "Nyoka! Ungeninong'oneza nyumbani! Kwa nini hapa?"

"Nyumbani nilisema, mama. Ukasema nile."

Injini ya ndege iliwaka. Rubani alitoa mkono dirishani, akauliza kwa ishara wanangoja nini.

"Nafasi inapotea," Vitalis alisema. "Pole sana, mama. Ndivyo ilivyo."

"Inapotea vipi?"

"Ndege inapanda na pengo."

Illuminée aliiangalia ovaroli ile nyasini. Aliijua vizuri. Viraka vya magoti ni vyake, zipu ni yake, mshono wa kiunoni aliufumua na kuushona tena mara mbili ili umkae Pretty. Kazi yote ile, halafu linakwenda juu pengo.

"Mimi je, nina tatizo gani?" aliuliza.

"Vipi?"

"Umri wangu. Kuna mtu hapa anaushuku?"

Gasana alicheka, kisha akaona mkewe hacheki. "We mama Kaliza. Acha mzaha."

"Mimi ndiye niliyeshona."

"Una shinikizo la damu wewe!"

"Shinikizo ni la Shakira wa duka, si langu. Mimi nilipimwa juzi."

"Basi kama ni hivyo, kwa nini si mimi?" Gasana alisema, na kila mtu akasikia kwamba alikuwa anaitaka tangu mwanzo, na kwamba hakuna aliyemuuliza.

Vitalis alitazama tumbo lake kwa heshima. "Mzee wangu, kilo."

Illuminée alikuwa ameshavua kitenge. Ndani alikuwa na suruali ya kubana ya baridi, ya Pretty. Aliingiza mguu kwenye ovaroli, akaingiza mwingine, akavuta zipu, ikakwama kifuani, akashusha pumzi yote, ikapanda. Kilemba alikisokomeza ndani. Vitalis alimweleza mambo ya kufanya, naye akaitika kila moja, "Ndiyo, mwalimu," kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndege ikamchukua.

*

Walibaki watatu nyasini. Gasana aliweka glasi chini hatimaye. Wasichana walisimama mbalimbali, shavu la Kaliza limevimba alama za vidole.

Ndege ilizunguka mpaka ikawa ndogo kama inzi. Kaliza ndiye aliyeona wa kwanza.

"Wametoka."

"Wapi?" Pretty aliuliza, akasahau kwamba hasemi naye.

Kulikuwa na nukta. Nukta ilianguka, ikaanguka, ikaendelea kuanguka. Gasana alianza Baba Yetu kwa Kinyarwanda, akachanganya mistari. Kisha mwavuli ukafunguka, mwekundu, na kutoka juu ikasikika sauti ya mwanamke. Haikuwa ya kuomba msaada. Illuminée alikuwa anacheka. Mama anayewazuia kucheka na chakula mdomoni alikuwa anacheka juu ya mkoa mzima, na kicheko kilikuja kwa vipande vipande, kadiri upepo ulivyoruhusu.

Kaliza alidhani ameshajua wivu. Wa kumwona Pretty kwenye stuli, wa kumwona kwenye mikanda. Huu ulikuwa mwingine. Pretty angalau aliogopa. Mama yake hata hakutaka kuruka mwaka huu, hata wiki hii. Asubuhi alikuwa anakaanga mandazi.

"Hata haogopi," Pretty alisema kwa uchungu.

"Hata miguu hakukunja."

"Suruali ni yangu."

"Najua."

Walitua wakiburuzika kwa matako, vumbi likafunika wote. Vitalis alimfungua, akamwambia anaweza kusimama. Illuminée alikaa. Aliweka viganja kwenye nyasi, akageuka huku na huku akitafuta watu wake, na alipowaona alionekana kama aliyesahau kwa muda kwamba anao.

"Mwalimu," alisema. "Mtakuja tena kiangazi kijacho?"

*

Safari ya kurudi, Gasana alikaa mbele na dereva, amenuna, koti limejaa vumbi la watu wengine. Illuminée alikaa kiti cha katikati, kilemba kimekaa upande. Wasichana nyuma.

Mwishowe Illuminée aligeuka.

"Kaliza."

"Abe."

"Jumatatu tunakwenda kwenye ofisi ya sekta. Wewe, mimi na Pretty."

"Kufanya nini?"

"Kusema nilidanganya. Kila mtu apewe umri wake."

"Watatuuliza mengi," Gasana alisema bila kugeuka. "Watatupeleka mahakamani. Karatasi ya ubatizo iko Karagwe huko, nani ataileta? Na shule nayo?"

"Waulize. Nitajibu. Nimeruka kutoka kwenye ndege, baba Kaliza, nitashindwa na mtu wa mezani?"

"Na mimi?" Pretty aliuliza. "Nitashuka?"

"Utashuka mpaka maharage yavunwe. Halafu mtakuwa sawa, na kiangazi kijacho kila mmoja atajitetea mwenyewe. Na wewe Pretty, suala la kofi hatujamaliza. Tukifika nyumbani utanieleza vizuri."

"Ndiyo, mama," Pretty alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo ilimshangaza dereva.

Illuminée alimngoja Kaliza aseme kitu. Umri wake ndio aliokuwa ameulilia tangu shule ya msingi. Kaliza alikuwa anamtazama usoni tu. Mashavu ya mama yake yalikuwa bado yamekauka kwa upepo. Macho yalikuwa yameoshwa. Kulikuwa na kitu ndani ya macho yale ambacho hakikuwepo asubuhi, na kilikuwa cha Kaliza, alikingojea yeye, akaenda kukichukua mwingine.

"Mbona hunijibu, mwanangu? Huko juu, unajua, mwanzoni masikio yana—"

"Usinieleze."

"Kidogo tu. Kuna mahali ambapo—"

"Mama, nakuomba. Asante kwa Jumatatu. Lakini usinieleze ilivyokuwa. Hata neno moja."

Illuminée aliangalia mikono yake. "Haya," alisema.

Akanyamaza. Ilikuwa kazi. Walimwona akiwa ameuma midomo, akitazama dirishani, kifua kikipanda na kushuka. Walipofika Kabuga alimwomba dereva asimame, eti anunue ndizi, ingawa nyumbani walikuwa na ndizi. Alivuka barabara mbio. Aliinama mbele ya mwanamke mwenye beseni, akachagua kichane, akakirudisha, na kabla ya kuuliza bei alikuwa ameanza. Mkono mmoja ulipanda mbinguni. Muuza ndizi aliacha kazi aliyokuwa anafanya. Mwenzake wa pembeni, wa parachichi, akasogeza kigoda.

"Anawaeleza wao," Pretty alisema.

"Namwona."

"Yote."

Garini kulikuwa na joto, na kelele za barabarani hazikupita kwenye kioo kilichofungwa. Midomo ya mama yao ilikuwa inakwenda mbio. Wanawake wawili walikuwa wameshika vifua.

Kaliza alivumilia kidogo. Kisha akashusha kioo.